Sura ya makrofaji: shajara ya kitini chetu cha makovu ya mapafu

9 Juni 2025

Sura tatu za mwanzo zimerudi kutoka kwa Daktari zikiwa na wino mwekundu wa kawaida yake. Leo tumefungua ya nne: dawa zinazobadili tabia ya makrofaji, seli za kinga zinazomeza vitu vigeni, ili kovu la mapafu lisiendelee kutanuka. Sista hakutaka iwepo. Anasema kitini ni cha matabibu na wauguzi wa zahanati, hakuna zahanati ya Bahi wala Chamwino hapa Dodoma itakayoona dawa hizo karibuni, na kurasa hizo zingefaa zaidi kueleza namna ya kusikiliza kifua. Ana hoja. Lakini kila mwaka darasani kuna mtu atanyoosha mkono aulize: kama kinga ya mwili ndiyo inayoleta kovu, si tuizime tu yaishe?

Iliwahi kuzimwa. Kwa miaka mingi wagonjwa wenye kovu la mapafu lisilojulikana chanzo, lile madaktari wanalolifupisha IPF, walipewa prednisoni, azathioprini na asetilisisteini kwa pamoja; mbili za kwanza ni za kutuliza kinga. Marekani walipokuja kuulinganisha mchanganyiko huo na vidonge visivyo na dawa, ilibidi wausitishe kabla ya muda. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, kati ya wagonjwa 77 waliopewa mchanganyiko walikufa 8. Kati ya 78 waliopewa vidonge vitupu alikufa 1. Waliolazwa hospitali ni 23 kwa 7. Nilimsomea Sista namba hizo. Akasema, "Haya, iandike. Ila usiijaze maneno ya maabara, na nusu ukurasa wangu wa kusikiliza kifua ubaki."

18 Juni

Tumeshinda machimboni, kwenye vilima vya mawe nje ya mji. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma, ujenzi haujapumzika. Kokoto nyingine hutoka kwenye mashine, nyingine hutoka mikononi mwa watu waliokaa chini na nyundo.

Nilikaa na mama mmoja nikamtazama kazi yake. Amekalia tairi kuukuu. Mbele yake kuna jiwe bapa, na juu ya hilo bapa anaweka jiwe la kuponda na kulizungushia pete aliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli ili vipande visimrukie. Mkono wa kushoto unashika pete, wa kulia nyundo. Anapiga mara tatu, nne, anaondoa pete, anasukuma kokoto kwenye fungu, anaingiza jiwe jingine. Kanga ameifunga puani. Alipoifungua anywe maji, upande wa ndani uliogusa pua ulikuwa na duara la unga wa kijivu uliolowa. Akanionyesha ameridhika kabisa: "Unaona linavyonasa, mwalimu?"

Lililonaswa ni vumbi kubwa. Chembe zinazofika chini kabisa, kwenye vifuko vya hewa, hazifiki maikromita 10. Jicho halizioni na kanga haizizuii. Mwamba wa vilima hivi ni graniti, na ndani ya graniti mna silika, madini ambayo mwili hauwezi kuyasaga.

Mzee anayepima ndoo lori la Fuso likija anakohoa tangu mwaka juzi. Amepimwa makohozi zaidi ya mara moja na mashine ya GeneXpert haikuona kifua kikuu, akapewa dawa ya kikohozi na kurudi kwenye ndoo zake. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Alimsubiri Daktari amalize kumsikiliza mgongoni, kisha akauliza, "Vumbi likishaingia, Daktari, hutoka lini?"

"Lingi linapanda na makohozi, Mzee wangu. Lile la jiwe lililofika chini kabisa halitoki."

3 Julai

Swali la Mzee limekuwa mwanzo wa sura. Rasimu ya kwanza ilianza na historia ya ugunduzi wa seli zinazomeza, mwaka 1882, Metchnikoff na mabuu ya kiti cha pweza huko Messina. Nzuri, lakini haimsaidii tabibu wa Chamwino. Imekwenda kwenye kiambatisho.

Sasa inaanza hivi. Ndani ya vifuko vya hewa wamo walinzi wanaoitwa makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kinachotua. Bakteria akimezwa anasagwa. Chembe ya silika haisagiki. Inapasua kifuko cha kusagia ndani ya seli, seli inapiga kengele ya hatari kwa kumwaga protini za uvimbe, interleukini-1 beta mojawapo, halafu inakufa. Chembe iko pale pale, nzima. Makrofaji nyingine inakuja kuimeza, na mambo yanarudi kuanzia mwanzo, hata kama mtu ameacha kuponda mawe zamani. Hilo la mwisho nimelipigia mstari, maana ndilo linaloeleza kwa nini mgonjwa huzidiwa miaka mingi baada ya kuacha kazi.

Kengele hizo zinawaita faibroblasti, mafundi wa mwili wanaotengeneza kolajeni, nyuzi ngumu za kovu. Ukuta wa kifuko cha hewa, ambao ulipaswa kuwa mwembamba kiasi cha oksijeni kupenya bila taabu, unaanza kunenepa na kukakamaa. Anayetoa amri kubwa hapo ni protini iitwayo TGF-beta, na mmoja wa wanaoimwaga kwa wingi ni makrofaji yule yule.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alilisema vizuri kuliko mimi: ni fundi uliyemwita kuziba ufa, akaendelea kupiga plasta mpaka akaziba na mlango. Nimelitia kitabuni kama alivyolisema.

Kinachofanya habari hii iwe ngumu ni kwamba makrofaji huyo pia hula kolajeni iliyozidi. Anajenga na anabomoa. Ukimwondoa, umeondoa na wa kubomoa. Kwa hiyo watafiti wameacha kuuliza namna ya kumuua, wakaanza kuuliza namna ya kumbadilisha.

11 Julai

Siku nzima kwenye aya moja. Makrofaji wa mapafu hawatoki mahali pamoja. Wapo wenyeji, walioingia mapafuni wakati wa kuzaliwa na wanaojizalisha humo humo. Wapo wageni: mapafu yakiumia, seli za damu ziitwazo monosaiti zinaingia na kugeuka makrofaji. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walionyesha kwa panya kwamba hao wageni ndio wanaosukuma kovu. Walipowapunguza, kovu likapungua. Kuanzia 2019, timu kadhaa zikasoma jeni za seli moja moja kutoka mapafu ya wagonjwa wa IPF, zikakuta kundi la makrofaji lenye jeni ya SPP1 iliyoamka sana, ambalo kwenye mapafu mazima halionekani kwa kiwango hicho.

Hii inabadilisha picha ya vitabuni tuliyofundishwa, ya makrofaji wakali upande huu na wapole upande ule. Kwenye pafu la binadamu tabia zao zimechanganyikana, na seli moja inaweza kubeba alama za pande zote mbili. Daktari anataka picha ya pande mbili ifutwe kabisa. Mimi nimeiacha, nikaandika chini yake kwamba ni ya kuanzia tu. Tabibu akikosa pa kuanzia hatafika kwenye mchanganyiko.

24 Julai

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika sura hii, na ndiyo iliyozua ubishi mkubwa.

Mwaka 2020 Philip Low na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha njia yao. Makrofaji wanaosukuma kovu wanaweka kwenye ngozi yao kipokezi (mlango wa kunasia) cha folati, aina ya vitamini B, na kipokezi hicho ni cha aina ambayo seli nyingi za mwili hazina. Watafiti wakachukua dawa inayoamsha TLR7, kihisio ambacho kawaida hugundua virusi, wakaifunga kwenye folati. Kipokezi kinashika folati, seli inaimeza yote, na mzigo unaingia kwenye kifuko cha ndani ambako ndiko TLR7 inakokaa. Makrofaji anadhani amekutana na virusi. Anabadilisha jeni anazotumia, anaacha kumwaga amri za kujenga kovu, anashika kazi ya kupambana. Kwa panya waliotiwa kovu, kolajeni ilipungua na nafasi za hewa zikafunguka.

Sehemu inayonifanya niisome mara mbili ni hii: dawa ile ile bila folati, kwa kipimo kinachotosha kuzuia kovu, iliua panya. Ilikuwa inaamsha kinga mwili mzima. Ikifungwa kwenye folati, panya hawakuonyesha dalili ya sumu. Kubadili tabia ya seli ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha umebadilisha seli uliyoikusudia na kuziacha zilizobaki.

Sista alisoma rasimu akaja mezani kwangu na boksi la FEFO, vile vidonge vya wajawazito. "Folati si hii hapa? Kesho utaulizwa kama mama akimeza hizi mapafu yanapona." Hayaponi. Folati kwenye utafiti ule ni ya kufikishia tu. Kinachofanya kazi ni mzigo uliofungwa juu yake. Lakini yuko sahihi kwamba swali litakuja, kwa hiyo tumeweka sentensi mbili kwenye kisanduku, na neno FEFO limo kama lilivyo kwa sababu hakuna muuguzi anayeliita kwa jina jingine.

Daktari naye alikuwa na lake. Kovu la panya wale lililetwa na bleomaisini, dawa ya saratani ambayo hata kwa binadamu huweza kuharibu mapafu. Panya kijana akipewa bleomaisini mara moja, kovu mara nyingi hupungua lenyewe baada ya wiki kadhaa. La mgonjwa wa IPF halirudi nyuma. La mponda kokoto ndiyo kabisa, maana chembe bado zimo. "Usimwandikie mtu matumaini ya panya," akasema. Nikamjibu kwamba sijaandika matumaini, nimeandika namna inavyofanya kazi. Tulikunywa chai tukiwa hatujakubaliana.

12 Agosti

Upepo wa Agosti, vumbi kwenye kila karatasi. Nimemaliza sehemu fupi kuhusu dawa zilizopo: pirfenidoni na nintedanibu, zote mbili ziliruhusiwa Marekani Oktoba 2014. Zinapunguza kasi, haziondoi kovu. Katika majaribio ya nintedanibu, hewa ambayo mgonjwa anaweza kuitoa kwa pumzi moja ilipungua kama mililita 115 kwa mwaka kwa waliopewa dawa na 240 kwa wasiopewa. Mwaka 2020 iliruhusiwa pia kwa makovu mengine ya mapafu yanayoendelea kutanuka. Inatosha.

19 Agosti

Ubishi wa wiki hii: tuweke au tusiweke dawa iliyoshindwa?

Yenyewe ni pentraksini-2, protini ya kawaida kwenye damu, iliyotengenezwa maabara. Kazi yake ni kuzuia monosaiti zinazoingia kwenye pafu zisigeuke wajenzi wa kovu. Kwa nadharia ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mada yetu, tena kwa binadamu, si kwa panya. Matokeo ya mwaka 2018, wagonjwa 117, yalikuwa mazuri: pumzi za waliopewa zilishuka taratibu kuliko za wenzao. Likafuata jaribio kubwa. Mwaka 2022 likasimamishwa kwa sababu hesabu za katikati zilionyesha kwamba halitafika popote.

Sista alisema tuiache, itawavunja watu moyo. Hapa Daktari na mimi tulikuwa upande mmoja kwa mara ya kwanza tangu Juni. Tabibu akiona orodha ya dawa zilizofanikiwa tu, siku akisikia redioni kwamba dawa mpya imepatikana atawaahidi wagonjwa. Imeingia, nusu ukurasa, bila kupakwa rangi.

28 Agosti

Swali ambalo sijaliona likipewa nafasi ya kutosha popote nilikosoma, nalo kwetu ndilo la kwanza: kifua kikuu.

Kimelea cha kifua kikuu kinaishi ndani ya makrofaji. Kwa mtu aliyeambukizwa lakini haumwi, makrofaji ndio waliokizunguka na kukifungia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kama robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, na Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Juu ya hapo silika inaongeza hatari ya kuugua. Mponda kokoto ana makrofaji waliolemewa na mawe, na huenda baadhi yao ndio walioshika mlango wa kimelea.

Sasa uje na dawa ya kubadili tabia ya seli hizo hizo.

Limeshatokea jambo la namna hiyo, kwa dawa nyingine. Infliksimabu, inayozuia protini ya uvimbe iitwayo TNF kwa wagonjwa wa baridi yabisi na utumbo, iliingia sokoni miaka ya mwisho ya 1990. Mwaka 2001 ikachapishwa taarifa ya watu 70 walioshikwa na kifua kikuu baada ya kuitumia, wengi ndani ya miezi michache. TNF ilikuwa mojawapo ya vitu vilivyokuwa vinawafunga wale vimelea. Tangu hapo mgonjwa hupimwa kwanza.

Ukiwatuliza makrofaji kupita kiasi, kimelea kilicholala kinaweza kuamka. Ukiwachochea kupita kiasi, uvimbe unaweza kula pafu ambalo tayari lina kovu, na kovu linaloachwa na kifua kikuu chenyewe tunalijua wote tunaosoma picha za kifua Dodoma. Daktari alisoma aya hii akaandika pembeni: "Hii iwe mwanzoni." Tumeihamisha. Sasa sura ina swali moja ambalo tabibu anatakiwa kuliuliza kuhusu dawa yoyote ya aina hii atakayosikia habari zake: je, imejaribiwa kwa watu wenye maambukizi ya kifua kikuu yaliyolala?

16 Septemba

Tumerudi machimboni na ukurasa mmoja wa wapondaji, uliotolewa kwenye kitini. Tulikuwa tumeuandika bila neno lolote kuhusu dawa za makrofaji. Ulikuwa na maji ya kunyunyizia mawe kabla ya kuponda, kukaa upande upepo unakotoka, kutoponda karibu na mwamba unaochomewa matairi ili upasuke, kupima kifua kikuu, na kumwambia mhudumu wa zahanati kwamba unaponda mawe hata kama hajauliza.

Maji ndiyo yaliyoleta kelele. Dumu linanunuliwa, na wenye watoto hawawezi kumwaga maji ya kunywa kwenye jiwe. Mama wa pete ya tyubu akasema wao huchovya fungu la mawe kwenye beseni badala ya kunyunyiza, maji yale yale yanatumika kutwa. Beseni limechukua nafasi ya kunyunyiza kwenye ukurasa wetu.

Kisha Mzee wa ndoo akauliza kama kuna dawa. Daktari akaeleza kwa kifupi, akataja na utafiti wa panya, akasema huo hatukuuandika kwa sababu bado.

"Mwandike," Mzee akasema. "Mkiuficha ninyi, tutauletewa na wale wa chupa. Tayari kuna mmoja anapita hapa na dawa ya kusafisha mapafu."

Hakuna aliyekuwa na jibu kwa hilo, hata Sista. Usiku nimeandika aya: wataalamu wamefanikiwa kuzifanya seli za kinga za panya ziache kujenga kovu, dawa hiyo haijawa ya binadamu na haiuzwi popote, anayekuuzia dawa ya kutoa kovu au kusafisha mapafu anachukua hela yako.

17 Oktoba

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeruhusu mwezi huu nerandomilasti kwa wagonjwa wa IPF, ya kwanza mpya kwa ugonjwa huo tangu zile mbili za 2014. Inazuia kimeng'enya cha PDE4B, kilichomo kwenye seli za kinga na kwingineko, kwa hiyo inagusa uvimbe na kovu kwa pamoja. Nayo inapunguza kasi tu. Daktari alipiga simu asubuhi kabla sijafungua kompyuta: aya moja, isizidi. Nimeandika aya moja, na swali la kifua kikuu liko chini yake kama lilivyo chini ya nyingine zote.

Mchoraji bado hajamaliza makrofaji aliyemeza silika; mchoro wa kwanza ulikuwa na macho na meno, tumeurudisha. Nusu ukurasa wa kusikiliza kifua umekuwa ukurasa mzima, Sista hakuniuliza. Jumatatu nakala za majaribio zinakwenda Mpwapwa na Daktari, na Kondoa na Sista. Watakaa na matabibu wakiwa wanasoma, na kuweka alama kila wanapowaona wamekwama.